Nikimwambia mwanangu kuhusu dawa za kulevya, si nitakuwa namfundisha?

SWALI: Daktari, kijana wangu ana miaka 13. Mtaani kwetu kuna vijana wanaotumia unga na kila siku anapita mbele yao. Nataka kumwonya, lakini naogopa kumfumbua macho. Nianzeje?
Mama, Temeke

JIBU: Mama, macho yameshafumbuka. Kete za unga na msokoto wa bangi amevisikia shuleni na kijiweni. Ukinyamaza, atafundishwa na wengine.

Anza na anachokiona. Mkiwa njiani au jikoni, muulize: “Yule kaka anayesinzia kasimama pale kituoni, unadhani ana nini?” Kisha msikilize bila kumkatiza. Akimaliza, mweleze kwamba unga, yaani heroini, huuzoesha ubongo hadi mwili ushindwe kukaa bila hiyo. Mtumiaji akiikosa hupata arosto: viungo humuuma, hutapika, huharisha na hapati usingizi. Wengi huirudia kuyakimbia mateso hayo, si kwa starehe.

Usimtishe kwa uongo. Ukisema bangi humtia kichaa kila anayeivuta, siku akimwona rafiki kavuta na yuko timamu, hatakuamini tena hata kwa lililo kweli. Mwambie ukweli: ubongo huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25. Bangi katika umri wake hudhoofisha kumbukumbu na umakini, na kwa baadhi huchochea ugonjwa wa akili.

Mfahamishe pia kuwa anayemwonjesha mtoto mara nyingi ni rafiki, tena bure. Bangi siku hizi huchanganywa hata kwenye biskuti. Fanyeni mazoezi ya jibu fupi: “Sitaki, nawahi nyumbani.” Muahidi kuwa akikwama popote akakupigia simu, utamfuata, na viboko havitakuwepo. Ahadi hiyo uitimize.

Zungumzeni mara kwa mara, kidogo kidogo. Hotuba moja ndefu haitoshi.

Ukigundua ameshaanza, usimpige wala kumfukuza, kwani huko nje ndiko wauzaji waliko. Mpeleke hospitali. Uraibu ni ugonjwa na unatibika. Muhimbili ilianza kuwatibu waraibu wa heroini kwa methadoni mwaka 2011, na huduma hiyo sasa ipo mikoa kadhaa. Kwa ushauri, piga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Usingoje dalili, mama. Zungumza naye leo.