Mnofu Ufike Kila Sahani: Samaki na Nguvu ya Misuli
Kijitabu cha familia za Ifakara na Bonde la Kilombero

Bonde letu lina mpunga na lina samaki. Wali kila mtu hupakuliwa wa kumtosha. Ugomvi uko kwenye kitoweo. Nyumba nyingi kipande kinono huenda kwa baba au mgeni, watoto na bibi wakamwagiwa mchuzi juu ya wali. Mgao huo huwanyima wanaohitaji zaidi.

Kwa nini mnofu?

Misuli hujengwa kwa protini. Kila siku mwili huibomoa na kuijenga upya, wala hauna ghala la protini ya akiba. Chakula kisipoileta, mwili huila misuli yake wenyewe.

Protini ya samaki ina viini vyote vya kujenga misuli ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea, tena husagika kwa urahisi tumboni. Gramu 100 za mnofu uliopikwa zina takriban gramu 20 za protini. Wali wa uzito huo hauna hata gramu 4. Mchuzi una ladha, chumvi na mafuta, lakini protini nyingi hubaki kwenye mnofu.

Wapewe kwanza

- Mtoto aliyetimiza miezi 6. Anaendelea kunyonya huku akianza chakula cha nyongeza. Chambua mnofu, papasa kwa vidole uhakikishe hakuna mwiba, kisha ponda na uchanganye na wali laini au uji.
- Mama mjamzito na anayenyonyesha. Anajenga miili miwili.
- Mzee. Misuli hupungua kadiri umri unavyosonga, na kasi huongezeka baada ya miaka 60. Mwambie akunje mikono kifuani, ainuke kitini na kuketi mara 5. Akizidi sekunde 15, au akishindwa, miguu imedhoofu: apelekwe kituo cha afya.
- Anayetoka kuugua. Siku za kitandani hula misuli.

Kiasi gani kinatosha?

Mtu mzima anahitaji angalau gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 ni gramu 48 hivi. Mzee anashauriwa gramu 1 hadi 1.2 kwa kilo. Kipande kinachoenea kiganjani, bila vidole, kina karibu nusu ya mahitaji ya mtu mzima. Kilichobaki kitoke kwenye maharage, kunde, mayai au maziwa. Ni heri kula kidogo katika kila mlo kuliko kusubiri sikukuu. Na misuli hutaka kazi: mzee atembee, apalilie bustani, asikalishwe siku nzima.

Samaki wa majira yote

Masika mto hufurika na samaki husambaa mbugani. Maji yakishuka, kambale na perege hunaswa madimbwini na bei hupoa. Huo ndio wakati wa kubanika na kukausha. Samaki mkavu, kwa kuwa maji yametoka, ana protini nyingi zaidi kwa kila gramu kuliko mbichi.

Mfuko ukiwa mwepesi, dagaa hawashindwi na samaki mkubwa, na wakiliwa wazima huongeza madini ya chokaa kwa mifupa. Wachambue, waoshe mchanga na chumvi, waanike, wakaange bila mafuta hadi wakatike kwa kidole, kisha watwange na uchekeche. Kijiko kimoja cha unga huo kichemke pamoja na uji wa mtoto.

Tahadhari

- Samaki apikwe hadi mnofu uachane na mfupa.
- Mkavu mwenye ukungu au funza atupwe.
- Usivue wala kuanika samaki kwa chandarua chenye dawa. Dawa si ya chakula, matundu yake hukomba vifaranga, na chandarua kinatakiwa kitandani kuzuia mbu wa malaria.
- Mgonjwa wa figo aulize mhudumu wa afya kiasi chake.
- Mtu akivimba midomo au akibanwa pumzi baada ya kula samaki, awahishwe hospitali.

Mpakuaji, leo kabla ya kumwaga mchuzi, gawa mnofu kwanza: anza na mtoto, mjamzito na mzee. Baba naye apate chake, ila asipate peke yake.