SOMO LA WANACHAMA: MOTO WA PORI NA MAJIRA YAKE

Moto wa pori una historia ndefu kuliko kijiji chochote. Katika nchi ya miombo inayozunguka Heru Juu, na kote Kasulu na Kibondo, moto huo hutokana na mambo matatu: hali ya hewa, uoto na binadamu.

Kwanza, hali ya hewa. Mvua hunyesha tangu Oktoba hadi Mei, ikaotesha nyasi ndefu. Kisha kiangazi huzikausha. Jangwani moto hukosa cha kuunguza, na kwenye msitu wenye unyevu mwaka mzima hauwaki kwa urahisi. Nchi yenye majira mawili ndiyo iunguayo mara kwa mara.

Pili, uoto. Msitu uliofunga huzuia jua, na nyasi chini yake huwa chache. Msitu huo ukifyekwa, nyasi hushika mahali pake na moto hurudi kila mwaka. Mninga mkubwa hulindwa na gome lake nene, bali mche wake huungua na kulazimika kuchipua upya kutoka mizizini.

Tatu, binadamu. Radi pia huwasha moto, lakini kwa kawaida huja pamoja na mvua. Moto wa katikati ya kiangazi kwa sehemu kubwa ni wa mkono wa mtu. Jambo hili ni la kale. Mwaka 2021 wataalamu waliochunguza tope la chini ya Ziwa Nyasa walieleza kwamba chembe za mkaa ziliongezeka ghafula yapata miaka 85,000 iliyopita. Mvua zilikuwa zimerudi, lakini msitu haukurudi kama ulivyorudi zamani. Waliona kuwa sababu yake ni moto wa watu. Baadaye, katika nchi za Maziwa Makuu, wafua chuma walitumia makaa kwa zaidi ya miaka 2,000.

Basi mtu hawezi kuamuru mvua, lakini aweza kuchagua majira ya moto. Karibu na Ndola, Zambia, viwanja vya miombo vilitengwa mwaka 1933 kwa majaribio. Kilichochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi kilipoteza miti kikawa cha nyasi. Kilichochomwa mapema kilibaki na miti yake. Kilichokingwa kabisa kilizidi kuwa msitu.

Kwa mwanachama mwenye mizinga porini au kahawa kando ya pori, moto wa Septemba ni hasara ya miaka mingi. Yafaa mipaka ya mashamba isafishwe mapema. Anayelazimika kuchoma akubaliane kwanza na serikali ya kijiji, achome wakati nyasi zingali na unyevu, jioni pasipo upepo, akiwa na majirani.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni:
1. Mioto ya mwaka jana ilitokea mwezi gani, na ilianzia wapi?
2. Ni mizinga na miche mingapi iliyoungua?
3. Nani atasimamia usafishaji wa mipaka kabla ya mwezi wa Juni?