SOMO: MBWA MKUBWA ASIYE NA KWAO



Huenda somo letu la mara hii likawashangaza baadhi yenu, kwa kuwa ni somo la mbwa. Sababu yake ni hii. Hapa Bangwe yupo mbwa mkubwa, dume, mwenye umri wa miaka kama minne, aliyebaki uani wakati wenye nyumba walipohamia mkoa mwingine. Majirani wamemlisha kwa zamu, nao sasa wamechoka. Wako wanaosema apewe sumu. Wako wanaosema apewe mtu yeyote atakayekubali kumchukua. Shabaha ya somo hili ni kuonyesha kwa nini mashauri hayo mawili hayafai, na ni hatua zipi zifuatwe ili mnyama wa namna hii apate makao ya kudumu.

1. Sumu haichagui

Nyama yenye sumu ikitupwa usiku, hakuna ajuaye itaokotwa na nani. Yaweza kuliwa na mbwa wa jirani, na paka, na kuku, hata kuguswa na mtoto mdogo anayetambaa. Mnyama naye hufa kwa mateso makubwa. Zaidi ya hayo, nchi yetu inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili kwa wanyama na kumtaka mwenye mnyama amtunze. Nasi tusomao Mithali 12:10 twajua kwamba kumwangalia mnyama kumehesabiwa pale kuwa alama ya mtu mwenye haki.

2. Tumjue mbwa kabla ya kumtoa

Sisi tuliofundisha chuo cha ualimu tulikuwa tukiwaambia walimu wanafunzi: mjue mtoto kwanza, ndipo uandike andalio la somo. Kwa mnyama ni vivyo hivyo. Bibi Jane Goodall, aliyefika Gombe, kaskazini yetu kidogo ziwani, mwezi Julai 1960, na aliyefariki tarehe 1 Oktoba 2025, alisema mara nyingi kwamba mwalimu wake wa kwanza juu ya wanyama alikuwa mbwa wa utoto wake aliyeitwa Rusty. Kwa mbwa yule alitambua kwamba kila mnyama ana tabia yake.

Basi tumemtazama huyu wetu kwa muda wa majuma mawili. Watoto hawamsumbui, wala yeye hawasumbui. Akiitwa huja. Lakini akimwona mtu mwenye fimbo mkononi hurudi nyuma na kuonyesha meno. Bila shaka alipigwa. Jambo hili hatuna budi kumwambia kila anayetaka kumchukua. Ukimficha mtu kasoro ya mbwa ili akubali upesi, mbwa atarudi baada ya juma moja, au atamuuma mtu, na mara ya pili hapatakuwa na wa kumpokea.

3. Chanjo kwanza

Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vilivyomo katika mate. Vikiingia jeraha hupita katika mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Mara nyingi dalili huonekana baada ya miezi miwili au mitatu, nazo zikiisha kuonekana, ni nadra sana mtu kupona. Karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu duniani wameupata kwa mbwa. Kwa hiyo mbwa asihamishwe nyumba kabla ya kuchanjwa na bwana mifugo, na cheti chake kikabidhiwe pamoja naye.

Chanjo inafanya kazi. Kisiwani Pemba kazi ya kuchanja mbwa iliyoanza mwaka 2010 iliukomesha ugonjwa huu mwaka 2014. Ulipoingizwa tena mwaka 2016, watu walirudia kuchanja, nao ukakomeshwa tena mwaka 2018. Wataalamu hushauri kwamba katika kila mbwa 100, wapatao 70 wawe wamechanjwa, ndipo ugonjwa ukose njia ya kuenea.

Mtu akiumwa na mbwa yeyote, aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akapate chanjo. Asingojee kuona kama mbwa atakufa.

Jambo la pili kwa bwana mifugo ni kumhasi. Dume aliyehasiwa hapendi sana kuzurura wala kupigana, na hatatuachia watoto wasio na kwao. Huko Nairobi chama kiitwacho KSPCA, kinachowapokea mbwa waliotupwa na kuwatafutia makao, kimeiweka chanjo na kuhasi kuwa sehemu ya kazi yake. Sisi hatuna nyumba ya namna hiyo hapa Kigoma, lakini kanuni zake twaweza kuzifuata.

4. Hesabu ya chakula

Huyu wetu ana uzito wa kilo 40 hivi. Mbwa wa kiasi hicho hula karibu sawa na mtu mzima. Hapa kwetu chakula chake ni ugali na dagaa, nao dagaa hawapatikani sawasawa mwaka mzima. Wavuvi wetu huvua kwa taa wakati wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, mitumbwi hupumzika na bei hupanda. Mwaka 2024 ziwa zima lilifungwa kwa miezi mitatu, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Anayetaka mbwa mkubwa ajiulize: katika majira kama hayo, nitamlisha nini? Asiyekuwa na jibu asimchukue, hata kama ana moyo mwema.

Tena, mabaki ya mchuzi wenye vitunguu asipewe, kwa maana vitunguu huharibu damu ya mbwa. Mifupa iliyopikwa nayo huvunjika kwa ncha kali na kuchoma tumbo. Maji safi yawepo wakati wote.

5. Mahali na majirani

Watu watatu wamemwomba mbwa huyu. Tuwachunguze mmoja mmoja, bila kuwataja majina.

Wa kwanza anaanika dagaa ufukweni, naye alitaka mlinzi. Kumweka mbwa mwenye njaa kando ya dagaa waliotandazwa mchangani ni kumjaribu asiyejua amri. Bwana huyu alisema atamfunga mnyororo usiku na mchana. Mbwa afungwaye daima huwa mkali, na siku akikatika hurarua. Tulikataa.

Wa pili ana ua mzuri kule Ujiji, lakini hauna uzio, na baraza la jirani yake ndipo wazee wa Kiislamu wanapokaa wakingojea sala. Ndugu zetu wafuatao madhehebu ya Shafii huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Dini yao haikatazi mbwa wa ulinzi, wa kuwinda wala wa mifugo, ila kila mara akipita barazani atawaletea wazee hao kazi ya kufua kanzu. Ujirani wa miaka 30 usivunjwe kwa ajili ya mbwa. Tulimshukuru bwana huyu, tukamwambia kwamba akijenga uzio na kushauriana na majirani, twaweza kuzungumza tena.

Wa tatu ni mama mjane mwenye shamba la migomba nje ya mji, anayelala peke yake na wajukuu wawili. Wezi wamemwibia mara mbili mwaka huu. Uzio wa miti anao, mahindi ya kutosha anayo, na wajukuu wake wamefika mara nne kumlisha mbwa kwa mikono yao. Nyumba ya jirani iko mbali. Shida moja ni mbung'o, kwa kuwa mbwa huugua vibaya ugonjwa wa nagana. Tumemweleza dalili zake: homa, kukonda, na macho kuwa na ukungu, akiziona amwite bwana mifugo mara moja.

6. Siku za kwanza

Mbwa aliyehamishwa huwa kama mwanafunzi mgeni bwenini. Wazoefu wa kazi hii husema siku tatu za kwanza huwa na hofu, majuma matatu hujifunza desturi za nyumba, na miezi mitatu hupita kabla hajajiona yuko kwao. Kwa hiyo mpokeaji amfungie uani kwa juma la kwanza, asije akatoroka kurudi alikotoka. Amlishe mtu mmoja, saa zilezile. Watoto wasimguse anapokula wala anapolala. Fimbo zifichwe. Nasi tutakwenda kumtazama kila juma kwa miezi mitatu, na mama akishindwa, amrudishe kwetu bila aibu. Asimpe mtu mwingine.

7. Na ikishindikana?

Yafaa kusema wazi. Si kila mbwa hupata makao, na mbwa aliyekwisha kuuma watu bila sababu asipelekwe penye watoto. Hapo kazi ni ya daktari wa mifugo, amalize kwa sindano bila maumivu. Hilo ni neno la mwisho, baada ya kujaribu yote yaliyotajwa hapo juu, wala si la kwanza.

Mama yule ameomba msaada wa mambo mawili tu: ada ya bwana mifugo, na debe moja la dagaa wa kuanzia. Atakayejaliwa amwone katibu wa mtaa baada ya ibada ya Jumapili.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Nyumbani kwako yupo mbwa? Alichanjwa lini mara ya mwisho?
2. Taja hatua mbili za kufuata mara mtu akiumwa na mbwa.
3. Kwa nini si vema kumpa mbwa mtu wa kwanza anayemtaka?
4. Ukipata uhamisho kesho, mnyama wako utamwachia nani, naye umekwisha kumwuliza?