Kopo limeandikwa "asidi 10%". Nani kapima?

Wafanyabiashara wenzangu wa vipodozi, leo somo fupi.

Sirumu za asidi zinatoka sana siku hizi. Hapa Morogoro wateja wanaulizia glaikoliki (ipo pia kwenye miwa), laktiki (ile ya maziwa mgando) na salisiliki ya chunusi. Zinaondoa ngozi iliyokufa juu juu. Zikizidi, mteja anaungua. Na mama anayeuza mboga za Mgeta juani kutwa yuko hatarini zaidi, maana glaikoliki na laktiki zinafanya ngozi isistahimili jua.

Sasa asilimia inapimwaje? Njia mojawapo ni miale ya infraredi, jamaa ya lile joto unalolisikia ukikaa karibu na jiko la mkaa. Mashine inamulika tone la sirumu. Kila aina ya kemikali inameza miale yake, na grafu inaonyesha palipomezwa. Kwa asidi hizi unatazama jirani na namba 1,700. Asidi ikiwa nyingi, inamezwa zaidi.

Ila grafu peke yake haikupi asilimia. Ni kama mizani pale Soko Kuu la Chifu Kingalu: bila jiwe la uzito unaojulikana, utajuaje kilo? Mpimaji anaanza na sampuli alizochanganya mwenyewe, mfano 2%, 5% na 10%, ndipo analinganisha na yako. Maji nayo yanameza miale jirani na hapo, kwa hiyo lazima ayatoe kwenye hesabu.

Shika haya:

1. Mwombe anayekuuzia jumla cheti cha maabara. Namba ya toleo kwenye cheti ifanane na ya kwenye kopo. Hazifanani? Cheti hicho si cha mzigo wako.

2. Kipimo hiki hakifai kutafuta zebaki. Mtu akikuonyesha grafu ya infraredi kuthibitisha krimu haina zebaki, usikubali.

3. Karatasi ya pH inaonyesha ukali, haionyeshi asilimia. Vyote viwili vina maana: wataalamu wa Marekani wanaona glaikoliki ya kutumia nyumbani isizidi 10% na pH isishuke chini ya 3.5.

4. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS. Una wasiwasi na bidhaa? Waulize kabla hujalipa.

5. Chupa iliyojazwa upya isiyo na lebo, iache hata ikiwa bei ya kutupa.

Na ukiuza asidi, mkumbushe mteja apake losheni ya kukinga jua.

Una swali? Liandike hapo chini.