RAM gani itaingia kwenye OptiPlex yangu?

Swali: Nina kompyuta ya mezani ya mtumba, Dell OptiPlex 7010 ya 2012, ile yenye kasha jembamba. Nataka kuongeza RAM, SSD na kadi ya picha. Nitajuaje kama vitakubali?

Jibu: Fungua kasha kabla hujaenda dukani. Mashine hiyo inakula RAM ya aina ya DDR3 tu. Muuzaji akikwambia DDR4 "itaingia tu", muage: ule mkato mdogo kwenye ukingo wa chini wa RAM umekaa mahali pengine, na ukilazimisha utavunja soketi. RAM ya laptopu nayo ni fupi mno. Chomoa iliyomo, nenda nayo mkononi.

SSD ya SATA ya inchi 2.5 haina shida, na mimi ningeanzia hapo. Utadhani umenunua kompyuta nyingine. Mitego iko kwenye kadi ya picha. Kasha hilo linapokea kadi za kimo kifupi tu, na pawa saplai yake ni ya wati 240, hivyo tafuta isiyodai waya wake wa umeme. GT 1030 fupi yatosha, mradi ije na bati lake fupi la nyuma. Ukitaka pia kuweka Windows 11, hiyo ni kesi nyingine: prosesa yako haimo kwenye orodha ya Microsoft ya prosesa zinazokubalika.