Kuunganisha Mizani ya Kakao na Ofisi ya Mhasibu kwa Kanzidata Moja

Mwongozo huu ni wa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) wilayani Kyela kinachokusanya kakao kwa ajili ya stakabadhi ghalani. Kompyuta inayotunza kanzidata itaitwa seva. Ile ya mizanini na ile ya mhasibu zitaitwa wateja. Usitumie faili la Access kwenye folda ya pamoja badala ya seva: umeme ukikatika wakati wa kuandika, faili zima linaweza kuharibika. Usiruke hatua ambayo uhakiki wake haujafaulu.

Vifaa: kompyuta 3 zenye Windows ya biti 64, swichi ya matundu 5, kebo 3 za Cat6, UPS 1, diski ya nje 1.

1. Chomeka kompyuta zote kwenye swichi. Seva na swichi zipate umeme kupitia UPS. Kebo zisipite nje ya jengo, maana radi za masika ya Kyela hazichagui.

2. Weka anwani za kudumu: seva 192.168.1.10, mizani 192.168.1.11, mhasibu 192.168.1.12, barakoa ya mtandao (subnet mask) 255.255.255.0. Kama kuna ruta, hakikisha haigawi anwani hizo kwa vifaa vingine.

3. Sakinisha PostgreSQL kwenye seva. Acha poti iwe 5432.

4. Unda kanzidata kwa pgAdmin. Tekeleza amri moja moja. CREATE DATABASE hukataa kuchanganywa na nyingine.

CREATE DATABASE kakao;
CREATE ROLE mizani LOGIN PASSWORD 'nywila1';
CREATE ROLE mhasibu LOGIN PASSWORD 'nywila2';

Badilisha nywila hizo. Kisha fungua kakao, uendelee humo:

CREATE TABLE mapokezi (
namba bigint GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY,
mwanachama text NOT NULL,
kilo numeric(8,2) NOT NULL CHECK (kilo > 0),
muda timestamptz NOT NULL DEFAULT now());
GRANT SELECT, INSERT ON mapokezi TO mizani;
GRANT SELECT ON mapokezi TO mhasibu;

Hakuna aliyepewa ruhusa ya kufuta, na ndivyo inavyotakiwa: kilo zilizokwisha pimwa ni fedha ya mkulima.

5. Ongeza mstari huu mwishoni mwa pg_hba.conf:

host kakao mizani,mhasibu 192.168.1.0/24 scram-sha-256

Usiandike trust, neno hilo huingiza mtu bila nywila. Katika postgresql.conf, listen_addresses iwe '*'. Washa upya huduma ya PostgreSQL.

6. Fungua poti 5432 ya TCP kwenye Windows Firewall ya seva, kwa mtandao wa Private pekee.

7. Pima kutoka kila mteja, kwa PowerShell:

Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 5432

Jibu liwe TcpTestSucceeded : True. Likiwa False, rudi hatua ya 2, 5 na 6, kwa mpangilio huo.

8. Sakinisha kiendeshi cha psqlODBC kwenye wateja, chenye biti sawa na programu itakayokitumia. Jaza anwani ya seva, poti, kakao, jina na nywila, bonyeza Test.

9. Ingiza kilo 62.50 kutoka mizanini. Mhasibu azione. Ingiza sasa -1: lazima ikataliwe. Ikikubaliwa, rudia hatua ya 4. Rekodi ya majaribio ifutwe kwa akaunti ya postgres.

10. Hifadhi nakala kila jioni kwenye diski ya nje:

pg_dump -U postgres -Fc -f E:\kakao.dump kakao

Mara moja kwa mwezi irejeshe kwa pg_restore kwenye kanzidata tupu iitwayo kakao_jaribio, ukalinganishe idadi ya rekodi. Zikilingana, chomoa diski na uitunze katika jengo jingine.