Kusafisha Mafaili ya Muda katika Kompyuta ya Linux

Mkulima wa mtama wilayani Kondoa hujenga dungu shambani ili aamie ndege. Mavuno yakiisha, dungu hubomolewa. Lakini hakuna alibomoaye huku mlinzi akingali juu yake. Kanuni hiyo yafaa pia katika kompyuta.

Programu inapofanya kazi, mathalani kuandaa waraka wa kuchapwa, huhitaji mahali pa kuweka mambo ambayo hayajakamilika. Hayo ndiyo mafaili ya muda. Katika Linux, ambayo kiini chake kilianza kuandikwa na Linus Torvalds mwaka 1991, mafaili hayo hukaa hasa katika folda mbili. Folda ya /tmp ni ya vitu vya kitambo kifupi, na katika matoleo mengi husafishwa kompyuta inapowashwa upya. Folda ya /var/tmp ni ya vitu vinavyopaswa kubaki hata baada ya hapo. Kwa hiyo mwalimu anayehifadhi alama za mtihani ndani ya /tmp anaweza kuzikosa zote umeme ukikatika na kurudi.

Usafishaji salama hufuata hatua hizi:

1. Kupima. Amri ya df -h huonyesha nafasi iliyobaki katika diski. Amri ya du -sh /tmp huonyesha ukubwa wa folda. Huenda kilichojaza diski kiko kwingine.

2. Kufunga programu. Faili likifutwa huku programu ikilitumia, jina lake hutoweka, lakini nafasi yake hairudi mpaka programu hiyo ilifunge.

3. Kutazama umri. Chombo kiitwacho systemd-tmpfiles, kwa mpango wake wa asili, huondoa vitu visivyoguswa kwa siku 10 katika /tmp na siku 30 katika /var/tmp, ingawa matoleo ya Linux hutofautiana. Msimamizi huweza kukiamuru: sudo systemd-tmpfiles --clean.

4. Kuheshimu ruhusa. Katika /tmp kila mtumiaji huweza kuandika, lakini hawezi kufuta faili la mwenzake. Msimamizi mkuu hazuiwi na kinga hiyo; akifuta kwa mkono, kosa dogo la kuandika amri laweza kuangamiza kazi za darasa zima. Folda yenyewe isifutwe kamwe.

Zoezi: Mwanafunzi aunde faili tupu ndani ya /tmp na jingine ndani ya /var/tmp, kisha aiwashe kompyuta upya. Ni lipi limebaki? Aeleze sababu.